Kilele cha Ben Nevis Wakati wa Theluji

(Hii ni hotuba ya mwalimu mmoja aliyoisoma mbele ya mkutano wa wazee, wazazi na vijana. Tunaichapa kama alivyoisoma.)



Nimeombwa niwaeleze habari za safari yangu ya kupanda mlima uitwao Ben Nevis, ulioko Uskoti, katika majira ya baridi. Nimekubali kwa furaha, ingawa itanibidi nisimulie pia jambo lililonitia haya. Mtu aliyekwenda mbali, akirudi akawaficha wenzake makosa yake, huwa amewaletea nusu ya mzigo tu.

Kwanza nitawapa hesabu. Ben Nevis ndio mlima mrefu kupita yote katika visiwa vya Uingereza. Kwa miaka mingi vitabu viliandika kwamba kimo chake ni mita 1,344 juu ya usawa wa bahari. Wapimaji wakaupima tena kwa vyombo vya kisasa, na mwaka 2016 wakatangaza kwamba hesabu iliyo sawa ni mita 1,345.

Sasa ulinganisheni mlima huo na wa kwetu. Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, una kimo cha mita 5,199, karibu mara nne ya Ben Nevis. Na mji wa Nairobi wenyewe uko kwenye kimo cha mita 1,700 hivi. Maana yake ni kwamba mama anayeuza ndizi katika soko la Nairobi amekaa juu zaidi kuliko mtu aliyesimama katika kilele cha mlima mkubwa wa Waingereza.

Nilipoyajua hayo nilicheka. Katika ujana wangu nilikuwa nimekwisha kupanda kilele cha Lenana, mita 4,985, na tangu siku ile nilijihesabu kuwa bingwa wa milima. Nikasema moyoni, "Mlima ulio chini ya Nairobi utanifanya nini?" Wahenga walisema: Mdharau mwiba, guu huota tende. Mwiba wangu ulikuwa Ben Nevis.

SABABU ZA UKALI WAKE

Huenda mtu akauliza: kama mlima ni mfupi hivyo, ukali wake watoka wapi? Ziko sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni jua. Sisi tunakaa kwenye ikweta, na jua letu ni rafiki mwaminifu: hutoka saa kumi na mbili na nusu hivi, likatua saa kumi na mbili na nusu hivi, mwaka mzima. Lakini Ben Nevis uko mbali sana kaskazini, karibu digrii 57 kutoka ikweta. Huko, katika mwezi wa Desemba, jua hutoka karibu na saa tatu asubuhi, na kabla ya saa kumi alasiri limekwisha kutua. Mchana hautimizi hata muda wa saa saba. Mpandaji akichelewa kidogo tu, kiza humkuta juu ya mawe.

Sababu ya pili ni bahari. Mji wa Fort William, ulio chini ya mlima, umekaa kando ya ghuba ndefu ya bahari. Kwa hiyo mtu huanza kupanda karibu na maji ya chumvi, na mita zote 1,300 na zaidi hana budi kuzipanda kwa miguu yake. Tena mlima umesimama mbele ya bahari ya Atlantiki, na kila upepo uletao mvua hugonga hapo kwanza. Mvua na theluji inayoanguka kileleni kwa mwaka, ikipimwa kama maji, hupita milimita 4,000, yaani kiasi cha mara mbili ya ile inayoanguka mjini.

Sababu ya tatu ni upepo wenyewe. Kadiri mtu apandavyo, hewa huzidi kupoa. Kutoka mjini hadi kileleni tofauti ni nyuzi tisa hivi. Basi mjini pakiwa na baridi ya kawaida ya nyuzi tano juu ya sifuri, kileleni ni nyuzi nne chini ya sifuri, na maji huganda. Hapo upepo huongeza ukali, maana huondoa joto la mwili haraka kuliko mwili uwezavyo kulitengeneza. Na yafaa mkumbuke jambo hili: upepo ukiongeza mwendo wake mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huongezeka mara nne. Upepo unaopeperusha kofia hapa chini, ukizidishwa mara mbili, hukuangusha wewe pamoja na kofia yako.

WATU WALIOKAA KILELENI

Habari hizi za hali ya hewa hazikupatikana kwa kubahatisha. Mwaka 1881 alikuwako mtu mmoja, Clement Wragge, aliyejitolea kupanda Ben Nevis kila siku, kuanzia mwezi wa Juni hata Oktoba, ili apime hewa kileleni. Mkewe alibaki chini Fort William akipima wakati ule ule, ili hesabu za juu na za chini zilinganishwe. Mwaka uliofuata kazi hiyo ikafanywa tena.

Wenye elimu wa Uskoti walipoona faida yake, wakachangisha fedha kwa watu, wakajenga nyumba ya mawe juu kabisa ya mlima, na njia ya farasi ya kuifikia. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwezi wa Oktoba mwaka 1883. Tangu siku hiyo hata mwaka 1904, wapimaji walikaa humo wakati wa jua na wakati wa theluji, wakapima hewa kila saa, usiku na mchana, na kupeleka habari mjini kwa waya wa simu. Katika majira ya baridi theluji ilifunika mlango. Kwa hiyo walijengewa mnara mdogo juu ya paa, wakawa wanatokea huko. Kwa hesabu zao, upepo wa tufani ulivuma kileleni mara 261 kwa mwaka kwa wastani. Mwisho fedha zilikosekana, nyumba ikafungwa, na leo yamebaki magofu.

Mwaka 1894 alifika humo kijana msomi, C. T. R. Wilson, akakaa majuma mawili akisaidia kazi. Siku moja jua likiwa nyuma yake na mawingu chini mbele yake, aliona pete za rangi, kama za upinde wa mvua, zimezunguka kivuli juu ya wingu. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Aliporudi akajaribu kutengeneza wingu ndani ya chombo cha kioo, na kazi hiyo ikamfikisha kwenye chombo kinachoonyesha njia za chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Mwaka 1927 alipewa tuzo ya Nobel pamoja na mtaalamu mwingine. Basi mlima mfupi ulizaa elimu ndefu.

SAFARI YA KWANZA

Sasa nije kwenye habari zangu. Mwaka 2018 nilikuwa Uskoti kwa masomo. Kabla ya kuondoka hapa niliwaahidi wanafunzi wangu kwamba nitasimama katika kilele cha mlima mkubwa wa Waingereza, nipigwe picha nikishika bendera ndogo ya shule, na picha hiyo itatundikwa darasani. Bendera walinishonea wao wenyewe.

Mwezi wa Februari nikafunga safari na kijana mmoja wa kwetu, mwanafunzi wa uhandisi, aliyekubali kwenda kwa sababu mimi nilimshawishi. Tulimpata kiongozi wa njia, mzee wa nchi ile, mtu wa maneno machache.

Usiku ule hatukuzungumza habari za ushujaa. Mzee alitandika ramani mezani, akatoa kalamu, akaanza kupiga hesabu. Alitueleza kanuni iliyotolewa mwaka 1892 na Mskoti mmoja, William Naismith: hesabu muda wa saa moja kwa kila kilomita tano za njia, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Njia yetu ilikuwa kilomita nane hivi, na kupanda mita 1,300 na zaidi. Jumla, muda wa saa nne kasoro kidogo. "Lakini hiyo ni kanuni ya njia kavu," akasema. "Kwa ajili ya theluji tutaongeza saa mbili. Tukiondoka saa moja asubuhi, saa saba mchana yatupasa tuwe kileleni. Ikifika saa saba, popote tulipo, tutageuka. Mmekubali?" Tukakubali. Ni rahisi kukubali jambo ukiwa umekaa karibu na moto.

Akasoma pia tangazo la maporomoko ya theluji. Huko iko idara ambayo katika majira ya baridi hutoa kila siku habari za hatari hiyo, kwa daraja za moja hadi tano. Upepo hufagia theluji upande mmoja wa mlima na kuilundika upande wa pili. Lundo hilo halijashikana na theluji ya chini yake, na mtu akilikanyaga kwenye mteremko mkali huweza kuporomoka nalo. Kwa hiyo mpandaji huuliza si theluji ni nyingi kiasi gani tu, bali pia upepo ulivuma kutoka wapi.

Asubuhi tukaondoka kiza hakijaisha, kila mtu na taa kichwani. Mizigo yetu ilikuwa ramani, dira, filimbi, chai ya moto, chakula, nguo kavu za akiba, na mfuko mkubwa wa nailoni ambao watu watatu waweza kujisitiri ndani yake. Tena kila mtu alikuwa na shoka la barafu, na meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu.

Mwanzo wa njia ni mawe yaliyopangwa vizuri. Tukapita ziwa dogo lililoganda, tukavuka kijito, kisha njia ikaanza kupinda huku na huku kwenye mteremko. Hapo mawe yakatoweka, theluji ikafunika kila kitu. Tukafunga meno ya chuma. Mzee akatufundisha kutumia shoka: ukiteleza, ulilalie kifuani na kuikita ncha yake katika theluji kabla mwendo haujashika kasi, maana mwendo ukishika kasi, hakuna mkono uwezao kuuzuia.

Upepo ulitoka kaskazini. Kadiri tulivyopanda ulizidi, ukirusha chembe za barafu usoni kama mchanga. Hata tulipofika juu ya mapindo ya njia, ukungu ukatufunika. Ndugu zangu, nimepata kuona ukungu wa Limuru, na ukungu wa nyandarua usiku. Lakini huu ulikuwa namna nyingine. Chini peupe, juu peupe, mbele peupe. Hakuna mstari unaotenga ardhi na mbingu. Nilitupa bonge la theluji mbele yangu nikasikia limeanguka, lakini sikuona limeanguka wapi.

Juu ya Ben Nevis pana uwanda, na uwanda huo ni mtego. Upande wa kaskazini umekatika kwa majabali marefu ya mamia ya mita, na katika majira ya baridi theluji hujenga ukingo unaotokeza nje ya jabali ukining'inia hewani. Mtu husimama juu yake akidhani yuko juu ya mlima, kumbe chini yake hamna kitu. Upande wa pili liko korongo liitwalo Five Finger, yaani Vidole Vitano, ambalo huanza kama mteremko mpole, kisha hugeuka kuwa maporomoko. Njia salama hupita katikati.

Kwa hiyo wapandaji huziweka kichwani hesabu mbili za dira. Anayetoka kileleni katika ukungu hushika digrii 231 kwa mita 150, kisha hugeuka akashika digrii 282 mpaka auvuke uwanda. Akigeuka mapema, huangukia korongo la Gardyloo upande wa kaskazini. Akichelewa kugeuka, hufika Vidole Vitano. Hesabu hizo ni za ramani. Sindano ya dira haielekei kaskazini ya ramani kwa usawa kabisa, na tofauti hiyo hubadilika mwaka hata mwaka. Kwa hiyo kila mpandaji huitafuta tofauti ya mwaka wake.

Tulikwenda kwa dira, mzee mbele, akihesabu kila mguu wake wa kushoto ulipotua. Hatukuzungumza. Ghafla akasimama, akatazama saa yake, akasema, "Mwalimu, ni saa saba."

Nikamwuliza, "Imebaki kiasi gani?"

Akasema, "Kwa hesabu yangu, mita mia tano."

Mita mia tano! Kutoka hapa tulipo hata kwenye soko letu. Nikamwambia hatuwezi kugeuka. Nikamweleza habari za Lenana. Nikamweleza habari za bendera, na watoto waliyoishona. Nilisema kwa kelele kwa sababu ya upepo, na, nikiri kweli, kwa sababu ya hasira pia. Mzee alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha hakunijibu mimi; alimgeukia yule kijana, akamwuliza, "Mama yako anaitwa nani?"

Kijana akafungua kinywa, na maneno hayakutoka sawasawa. Yalikuwa mazito, kama ya mtu mlevi. Ndipo nilipotazama nikaona mkono wake mmoja hauna glavu. Ilikuwa imechukuliwa na upepo, wala yeye hakujua. Nikamwuliza, "U mzima?" Akasema kwa shida, "Niko sawa, Mwalimu." Alikuwa akitetemeka mwili mzima.

Wazazi, fikirini. Kijana huyo nilimleta mimi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, nikibishana juu ya picha, na baridi ilikuwa ikimchukua mbele ya macho yangu. Mgeni ndiye aliyemwona.

Mzee akatoa ule mfuko mkubwa, tukaingia sote watatu, tukakaa tumeegemeana. Tukamvika kijana koti kavu na glavu za akiba, tukamnywesha chai yenye sukari nyingi, tukampa chakula. Hatukumsugua mikono, wala hatukumpa pombe. Mambo hayo mawili watu wengi hudhani ni dawa, na yote mawili hudhuru. Baada ya robo saa alitaja jina la mama yake. Tukatoka, tukageuka.

Kushuka tulishika digrii 282, na upepo sasa ulitugonga upande wa kulia. Nilidhani tunakwenda moja kwa moja. Lakini kila mara mzee alisimama, akatazama dira, akaturudisha kulia. Maana upepo ulikuwa ukitusukuma kidogo kidogo kushoto, nasi hatukuhisi. Kushoto ndiko lilikokuwa lile korongo la Vidole Vitano. Tulifika chini jua limekwisha kutua, taa zetu vichwani kama tulivyoanza. Siku hiyo tulihitaji mwanga wote tulioupata. Kama ningeshinda katika ubishi ule, tungekuwa kwenye uwanda ule usiku.

BARUA KWA WANAFUNZI

Usiku ule nilikaa kuwaandikia wanafunzi wangu. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupanda. Nilifikiri kuandika kwamba hali ya hewa ilikataza tu, nikaishia hapo. Kisha nikaona aibu. Mara ngapi nimewaambia watoto waseme kweli wanaposhindwa hesabu? Nikaandika: "Sikufika. Nilitaka kukosa ahadi niliyompa kiongozi wangu, na kwa kiburi changu sikumwona mwenzangu aliyekuwa akiumia. Bendera yenu ni nzima, imo mfukoni."

Jibu lilifika, limeandikwa na darasa zima. Katika mstari wa mwisho mtoto mmoja aliuliza hivi: "Mwalimu, je, mlima huo umehama? Kama haukuhama, si utarudi siku nyingine?"

Sikupata kufundishwa neno bora na profesa yeyote.

SAFARI YA PILI

Mlima haukuhama. Mwezi wa Machi tangazo la hali ya hewa lilipokuwa jema, tulirudi watatu sisi kwa sisi. Theluji ilikuwa bado nene, lakini mbingu zilikuwa wazi na upepo umetulia. Saa sita mchana tulifika kileleni, na saa moja ilikuwa imebaki kabla ya saa ya kugeuka.

Niliyaona magofu ya ile nyumba ya wapimaji, theluji imeyafunika karibu yote. Juu yake kiko kibanda kidogo cha kujisitiri kwa mtu aliyezidiwa. Mzee akanishika mkono, akanionyesha kwa mbali mwanzo wa korongo la Gardyloo: ukingo wa theluji uliopindwa na upepo, laini kama kitambaa, na chini yake hewa tupu. Katika ukungu nisingeuona kamwe.

Upande wa kaskazini mawingu yalikuwa yamelala bondeni chini yetu. Jua lilikuwa nyuma. Nikaona kivuli changu kirefu juu ya wingu, na kukizunguka kichwa chake pete ya rangi, kama ile aliyoiona Wilson. Nikamwita kijana aone. Akasimama kando yangu akasema, "Lakini, Mwalimu, pete iko kwenye kichwa changu, si chako." Mzee akacheka kwa mara ya kwanza tangu tuonane. Akatueleza kwamba ndivyo ilivyo: mwanga hurudi kwa namna ambayo kila mtu huona pete juu ya kichwa cha kivuli chake mwenyewe tu. Niliyatia maneno hayo moyoni.

Tukaitoa bendera, tukapiga picha. Mwaiona ukutani hapo. Katika picha bendera imeshikwa na kijana, maana niliona ndiye aliyestahili.

MAMBO YA KUSHIKA

Nisingependa mwondoke hapa na hadithi tupu. Vijana wengi siku hizi wanapanda mlima wetu, na ingawa hatuna majira ya baridi kama ya Ulaya, huko juu usiku maji huganda na theluji huanguka. Tena mlima wetu una hatari ambayo Ben Nevis hauna: hewa nyepesi iletayo ugonjwa wa kimo. Basi shikeni haya.

La kwanza: wekeni saa ya kugeuka mkiwa chini, na muitii mkiwa juu. Akili iliyochoka na kupoa si mwamuzi mwema.

La pili: kila mtu amtazame mwenzake. Anayejikwaa mara kwa mara, anayenung'unika bila sababu, anayesema maneno mazito, huyo baridi imemwingia, hata akisema yuko sawa. Msitirini na upepo, mvueni nguo zilizolowa, mpeni nguo kavu, kinywaji cha moto na chakula, kisha mshushe. Na akiacha kutetemeka ilhali bado amepoa na kusinzia, hatari imezidi. Asitembezwe, bali atafutiwe msaada upesi.

La tatu: nguo za pamba zikilowa huiba joto. Vaeni sufu, au nguo zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na juu yake koti lisilopitisha upepo wala maji.

La nne: chukueni filimbi. Ishara ya kuomba msaada milimani ni kupuliza mara sita katika dakika moja, kisha kunyamaza dakika moja, na kuanza tena. Anayejibu hupuliza mara tatu. Sauti ya mtu huisha, filimbi haichoki.

La tano: mwacheni mtu nyumbani anayejua mnakwenda wapi na mtarudi saa ngapi. Huko Uskoti wanaotoka usiku kuwatafuta waliopotea ni raia waliojitolea, wasiolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Ukiwachelewesha kwa uzembe wako, wao pia unawatia hatarini.

La sita, na la mwisho: msikilizeni anayeijua njia, hata akiwa mtu wa maneno machache. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na katika mlima wa barafu neno hilo si fumbo.

Bwana Mwenyekiti, nilikwenda nikidhani kwamba ukubwa wa mlima hupimwa kwa mita. Nikarudi nikijua kwamba mlima ulio chini ya Nairobi waweza kuua, na kwamba kugeuka kwa wakati wake ni sehemu ya kupanda. Kilele kitakuwapo kesho. Kijana yule sasa ni mhandisi, naye amekaa kati yenu jioni hii, pamoja na mama yake. Jina la mama huyo silisahau hata siku moja.